Mtoto na maji, sehemu ya tatu: Kijito cha Marangu

Niliahidi kwamba sehemu ya tatu ingekuwa ya ndoo na mapipa ya nyumbani. Nimeisogeza mbele kidogo. Kuna jambo nataka kulisema kwanza, na najua wengine mtanijia juu.

Jumamosi niliwapandisha watoto wangu wawili Marangu, tukaingia Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, tukatembea msituni kando ya kijito. Mkubwa ana miaka sita, mdogo mitatu na nusu. Niliweka picha moja tu, ile mdogo kachuchumaa juu ya jiwe na mimi nimemkamata ukosi wa sweta kama mwizi wa kuku. Jamani, ujumbe nilioupata! Wifi yangu ndiye aliyefungua mlango: "Wewe ni nesi, unayaona yanayoletwa wodini, halafu unapeleka watoto mtoni?"

Ndiyo, wifi. Nimewapeleka kwa sababu nayaona.

Sitasimulia mtoto wa mtu hapa, mnajua msimamo wangu. Nitasema tu kwamba miaka mitano iliyopita, zamu ya usiku, tulipokea mtoto aliyetolewa kwenye maji na hatukuweza kumrudisha. Mwanangu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Nilifika nyumbani saa mbili asubuhi, sikuvua hata sare, nikamwaga ndoo zote. Dada wa kazi aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Kuanzia siku hiyo mtoto alioga kwenye beseni lenye maji ya vidole viwili. Tukienda kwa bibi yake Kilema nilimbeba mgongoni hata alipokuwa mzito wa kuniumiza kiuno, maana nyuma ya kihamba unapita mfongo. Alipoanza kuuliza maswali nikamwambia: kule kwenye maji kuna joka kubwa, linameza watoto.

Nilijiona mama mwerevu sana.

Mwaka jana kulikuwa na kipaimara nyumbani kule. Watu wengi, masufuria, muziki, mnajua hali inavyokuwa. Kila mtu anadhani mtoto yuko na mtu mwingine. Nilipogeuka hayupo. Nilikimbia moja kwa moja hadi pale mfongo unapotuama, maana moyo wa mama unajua pa kukimbilia. Nikamkuta mwanangu amewekwa chini, suruali ina tope, na binamu yake wa miaka saba amemshika mkono anamgombeza kama mtu mzima: "Ukitaka kuchungulia unalala tumbo! Huinami! Ukiinama kichwa kinakuvuta!"

Nikamuuliza mwanangu, ulikuwa unafanya nini huku? Akanijibu bila wasiwasi kabisa: "Nilikuwa namtafuta joka."

Nilikaa chini kwenye majani ya migomba nikalia, watu wakadhani ni mambo ya kipaimara.

Mnanielewa? Uongo wangu ndio uliompeleka. Yule binamu aliyekulia kando ya mfongo, ambaye mimi nilikuwa nawasema wazazi wake kwamba ni wazembe, alijua maji. Mwanangu wa nesi alikuwa hajui lolote. Alikuwa na hamu tu, na hamu ya mtoto ambaye hajafundishwa ni kitu cha kutisha kuliko mto wenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, na nausema kama nesi na kama mama: kumficha mtoto maji si kumlinda. Kwa sisi wa Moshi hata haiwezekani. Karanga iko pale, Rau iko pale, Njoro, Weruweru, na mifongo inapita nyuma ya nyumba za watu kutoka juu hadi tambarare. Ukimficha leo, kesho atakutana nayo akiwa na rafiki zake na wewe haupo. Afadhali akutane nayo mara ya kwanza akiwa ameshikwa mkono.

Na kabla hamjanirukia, takwimu ninazijua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 duniani walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Wengi wa umri huo hawafi kwa kupanda milima. Wanakufa karibu na nyumbani, kwenye maji ambayo watu wazima wameyazoea.

Sasa kwa nini hifadhini, na si mfereji wowote wa jirani? Nilitaka maji yanayopita msituni, njia inayotunzwa, na mtu anayeijua njia hiyo. Nilitaka pia siku moja isiyo na simu, isiyo na kelele za bodaboda, ambayo kazi yangu iwe moja tu: kuangalia watoto wangu wawili.

Na kuna sababu nyingine ambayo si ya kinesi. Bibi yangu mzaa mama aliujua msitu ule kwa miguu yake. Zamani za mkoloni, mwaka 1941, palitengwa ukanda wa nusu maili chini ya msitu mkubwa ili wananchi wapate kuni na majani ya ng'ombe. Wanawake ndio waliokuwa wakipanda na kushuka huko na mizigo kichwani. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1973 ikiwa juu zaidi, na mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa ndani ya hifadhi. Sibishi kwamba msitu unahitaji kulindwa, maji yetu yote yanatoka huko. Lakini tuseme ukweli: bibi aliingia kila wiki, mama aliingia utotoni, mimi nimeingia nikiwa na miaka thelathini na kitu, na mwanangu alikuwa anadhani mlima ni wa wazungu na wagumu wanaowabebea mizigo. Aliniuliza kabisa getini, "Mama, sisi tunaruhusiwa?"

Tunaruhusiwa. Kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni, na mtoto chini ya miaka mitano halipi. Beba kitambulisho. Unatembea na mwongozaji, kwa hiyo malipo yake yajumlishe kwenye hesabu yako tangu nyumbani, usije ukashtuka pale. Sisi tulipanda daladala hadi Marangu Mtoni, halafu gari dogo hadi getini. Wenye nauli ya kutosha changaneni familia mbili mkodi Noah moja, inakuwa nafuu na watoto wanapata wenzao.

Sasa njia yenyewe. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, yaani kama mita 1,000 juu ya mjini kwetu. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi sita. Mjini tuliondoka watoto wanatoka jasho, pale getini mdogo akaanza kutetemeka mdomo. Sweta iwe mkononi, si chini kabisa ya begi.

Kutoka getini hadi vibanda vya Mandara ni kama kilomita 8, ni mwendo wa saa kadhaa kwa mtu mzima, na Mandara iko mita 2,720. Hatukwenda Mandara. Hata nusu hatukufika. Nililipanga hivyo tangu mwanzo na nilimwambia kaka mwongozaji: sisi tunatembea saa moja kwenda, tunakula, tunarudi. Alicheka, akasema wageni wengi hawamwambii hivyo. Kuna wazazi wanaodhani safari ya mlimani bila kufika mahali ni hasara. Mtoto wa miaka mitatu hana habari na mahali. Yeye alisimama dakika kumi nzima kuangalia siafu wakivuka njia, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa Kilimanjaro. (Siafu wakivuka, mruke au msubiri. Na suruali ziingizwe ndani ya soksi, nimejifunza kwa maumivu.)

Msitu ule ni wa ukungu na unyevu, miti imeota ndevu za kijani, juu yako unasikia tu majani yanatikisika. Tuliona mbega, wale weusi wenye joho jeupe na mkia kama ufagio. Mkubwa aliwahesabu hadi wanne kisha akaanza upya. Pembeni ya maji kuna kiua kidogo chekundu chenye manjano, kimejikunja kama mkonga wa tembo. Mwongozaji alituambia hakipatikani porini kokote duniani ila mlima huu. Mwanangu alitaka kukichuma ampelekee bibi, ikabidi tufanye mazungumzo marefu. Hifadhini hatuchumi. Akaamua atamwambia bibi kwa mdomo.

Sehemu fulani njia inasogea jirani kabisa na kijito, unakiona kinaruka jiwe hadi jiwe, maji meupe halafu meusi. Hapo ndipo tulipofanyia darasa letu.

Kwanza tuliyasikiliza maji, tumekaa mbali, hatua kumi hivi. Nikawauliza wapi yanapiga kelele na wapi yamenyamaza. Mkubwa akaonyesha. Nikamwambia penye kelele pana mawe, unaona chini. Pale paliponyamaza panaweza kuwa na kina, na ndipo pabaya, ingawa panaonekana pazuri. Macho yake yalimtoka. Miaka yote nilimwambia joka, wala sikuwahi kumwambia kitu kimoja cha kweli kuhusu maji.

Halafu tukarusha jani. Jani likaenda. Nikamwambia akimbie nalo kwenye njia, si kando ya maji, aone kama atalishinda. Hakulishinda. "Linakwenda haraka hivyo na ni dogo," akasema. Sikuongeza neno, mtoto alikuwa ameshapata.

Kisha tukakaribia, kila mtoto na mkono wa mtu mzima mmoja. Hesabu hiyo usiivunje: mto na watoto wawili, watu wazima wawili. Mama aliyebeba mchanga mgongoni hahesabiwi, maana hawezi kuinama wala kuruka. Mimi nilikuwa na mdogo, mwongozaji akawa na mkubwa. Wakalala tumbo, kama alivyofundisha yule binamu. Wakatia vidole. Maji yale ni ya baridi ya kuuma mifupa, mdogo akapiga ukelele akacheka akarudisha tena mkono.

Na sasa niwasimulie lililotokea, maana nikilificha sitakuwa na tofauti na mama wa joka. Tulipokuwa tunainuka, mkubwa alikanyaga jiwe lenye ukungu wa kijani. Mguu ukateleza, ukazama hadi gotini. Mwongozaji alikuwa amemshika, hakuanguka, na maji pale yalikuwa hayazidi hapo. Ilikuwa sekunde mbili. Lakini mimi nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika Himo. Mimi nesi, ninayewaambia watu kila siku tulieni, tulieni.

Kosa lilikuwa langu. Nilimvalisha raba zilizolika nyayo kwa sababu zile mpya nilitaka zibaki safi za kanisani. Basi mkazihifadhi za kanisani na nyinyi mkaone.

Tulimvua suruali palepale, tukampangusa kwa kanga, tukamvalisha kavu, soksi kavu, chai ya moto ya maziwa kutoka kwenye chupa, ndizi mbivu. Mtoto aliyelowa penye baridi usimwambie "tembea utakauka". Watoto wadogo wanapoteza joto upesi kuliko sisi. Ukiona anatetemeka halafu ananyamaza, anakuwa mzito, anasinzia, hiyo si tabia nzuri, hiyo ni hatari: mkaushe, mkumbatie ngozi kwa ngozi ndani ya nguo zako, mshuke mtafute msaada.

Alipokuwa anakunywa chai akaniambia, "Mama, jiwe la kijani linateleza, la kijivu haliteleza sana." Nikamwambia rudia. Akarudia.

Mambo mengine ya kujua kabla hujaenda. Mvua ikinyesha juu mlimani, kijito kinaweza kujaa huku wewe umesimama juani. Maji yakibadilika rangi kuwa ya tope, au yakianza kuleta majani na vijiti kwa wingi, au mlio ukawa mzito, ondokeni hapo hapo, msisubiri kupiga picha. Ndiyo maana sitawaambia mwende Aprili. Januari na Februari ni afadhali. Na maji ya kijito hata yawe meupe vipi hatunywi bila kuchemsha. Msituni kuna wanyama na wao wana choo chao mle mle. Bebeni yenu kutoka nyumbani, kwenye chupa ya kutumia tena. Halafu mzazi mwenye tamaa ya kupanda zaidi na watoto ajue kwamba walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kupita mita 3,000. Sheria hiyo ina sababu, hewa ya juu ni nyepesi na mtoto mdogo hawezi kukueleza vizuri kwamba kichwa kinamuuma.

Kuna kitu kimoja cha zamu zangu nataka kila anayesoma akibebe. Tunasema mfa maji haishi kutapatapa. Kwa mtu mzima labda. Mtoto mdogo mara nyingi hatapitapi wala hapigi kelele, maana mdomo uko kwenye maji na pumzi ya kupigia kelele hana. Anazama kimya, wewe umegeuka kujibu ujumbe. Kwa hiyo usisubiri kusikia. Ni macho. Na mtoto wa umri wa mdogo wangu umbali wake ni urefu wa mkono wako, si urefu wa sauti yako.

Ikitokea ametolewa kwenye maji, tafadhali sana, msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo. Nimeletewa watoto waliopotezewa dakika za thamani hivyo, na waliofanya walikuwa watu wenye upendo. Mlaze chali, tuma mtu akaite msaada, angalia kama anapumua. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua yake, funika mdomo wake kwa wako, mpulizie pumzi tano hadi uone kifua kinapanda. Bado? Bonyeza katikati ya kifua mara 30, haraka na kwa nguvu ya kutosha, pumzi mbili, tena 30, usiache hadi apumue au msaada ufike. Na akiamka, hata akicheka, aje hospitali. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Najua mtakachosema. Hela. Sawa, si kila mtu ana ya kiingilio na mwongozaji, na mimi mwenyewe niliichangia kwa miezi mitatu. Darasa la jani na la kusikiliza maji linafanyika kwenye mfongo wa kwenu bure, Jumapili baada ya misa, mtoto akiwa mkononi. Muda? Mimi ninafanya zamu, Jumamosi ile nilitoka usiku Ijumaa asubuhi, nikalala, nikaamka. Mama mkwe atasema mnatembeza watoto porini kama mbuzi. Wangu alisema. Nikamuuliza yeye alijifunzia wapi mto, akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunisimulia jinsi walivyokuwa wanatumwa maji alfajiri, mkubwa mbele, mdogo katikati, na mtoto wa katikati haruhusiwi kuchota hadi awe na umri fulani. Kumbe walikuwa na utaratibu wao, mzuri tu. Tuliuacha tulipopata mabomba, na hatukuweka kingine mahali pake.

Wifi, najua unasoma. Jumapili hii watoto walikuwa kwako, na ulinipigia simu kulalamika kwamba mkubwa wangu amelala tumbo kwenye zege karibu na tangi lako lililo wazi, amemshika mwanao shati, anamwambia pale palipo kimya ndipo pana kina. Nilikuja nikaliona. Tangi halina mfuniko, wifi. Fundi wa bati nimeshampata, bei tutachangia, anakuja Alhamisi.

Sehemu ya nne ndiyo ya ndoo na mapipa, safari hii kweli. Maswali yawekeni, nitayajibu nikitoka zamu, si kabla ya saa nne asubuhi.